Matema ipangishe nyumba yenye jiko

Mwezi Juni unapoingia, Nyanda za Juu Kusini hugawanyika kwa mwinuko. Kitulo, kwenye mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, umande huganda alfajiri. Njombe, Makambako na Mafinga hakuna anayelala bila blanketi zito, na Jiji la Mbeya lenyewe, kwenye mita 1,700, usiku wa Julai hushuka chini ya nyuzi 10. Siku hizohizo, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka Mbeya, ukishavuka Uporoto na kuteremka Tukuyu mpaka bonde la Kyela, uko ufukwe wa mchanga kwenye mita 475 tu. Masika yamekwisha, mpunga unavunwa, maji ya ziwa yana vuguvugu. Hapo ni Matema, pembe ya kaskazini mashariki ya Ziwa Nyasa, chini ya ukuta wa Milima ya Livingstone. Shule zimefungwa, wazazi wenye ajira wana siku zao za likizo, na barabara ya Kikusya kupitia Ipinda hadi Matema, kilomita 39, ni ya lami. Hata hivyo karibu kila anayezungumzia mustakabali wa ufukwe huo humtaja mgeni atakayeshuka kwenye ndege akitokea Ulaya. Mgeni wa Matema yuko Uyole, Mafinga na Makambako. Kinachomkwamisha ni kukosa mahali pa kufikia na familia yake: nyumba nzima ya kupanga kwa siku nne au kwa wiki, yenye vyumba vitatu, choo safi na jiko, na ambayo mwenyewe ni mwanakijiji.

Soko lenyewe ni kubwa kuliko linavyodhaniwa. Sensa ya 2022 iliikuta Mbeya na watu milioni 2.34, Songwe milioni 1.34, Iringa milioni 1.19 na Njombe karibu laki tisa. Jumla inapita milioni 5.7, na wote wameunganishwa na barabara moja kuu iendayo Zambia. Si wote wenye uwezo wa likizo, hilo liko wazi. Lakini humo wamo walimu na wauguzi wanaooana na kuishi kwa mishahara miwili, wafanyabiashara wa mbao wa Mafinga, wakulima wa viazi na parachichi wa Njombe, wenye maduka Mwanjelwa, wahadhiri wa vyuo vya Iringa. Kitaifa, mwaka 2024 watalii wa ndani waliohesabiwa walipita milioni 3.2, wakati wageni wa kimataifa walikuwa milioni 2.1. Na kabla ya hapo tulikwisha kuonyeshwa hatari ya kumtegemea mgeni wa mbali: mwaka 2019 nchi ilipokea wageni milioni 1.5 kutoka nje, mwaka 2020 korona ilipofunga viwanja vya ndege wakabaki kama laki sita. Kusini kwetu liko funzo jingine. Mradi wa kukuza utalii wa Kusini uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kwa dola milioni 150, ukiwa na Hifadhi ya Ruaha kama nguzo yake, ulianza 2017. Aprili 2024 benki ilisimamisha malipo kufuatia madai ya ukiukwaji wa haki za wananchi wanaoizunguka hifadhi, na kabla mwaka haujaisha fedha zilizobaki zikafutwa. Ruaha inastahili wageni wake, na siandiki kuipinga. Ninachokiona ni kwamba utalii unaosubiri ndege na mikopo mikubwa unaweza kukatika kwa uamuzi unaofanyika mbali sana na Iringa, wakati barabara ya Uyole kwenda Tukuyu haijawahi kukosa magari.

Sasa tuingie jikoni, maana ndiko mjadala wote uliko. Tuchukue familia ya watu saba, baba, mama, bibi na watoto wanne, wanaotaka kulala Matema usiku nne. Bei nitakazotumia ni za mfano, za kutusaidia kupiga hesabu. Wakipanga vyumba vitatu kwa 40,000 kila kimoja, malazi ni 480,000. Chai ya asubuhi imo ndani ya bei, lakini chakula cha mchana na cha usiku kwa watu saba, tuseme 8,000 kwa sahani, ni 112,000 kwa siku, yaani 448,000 kwa siku nne. Jumla inafika 928,000, mbali na mafuta ya gari na soda za watoto. Familia hiyohiyo ikipanga nyumba nzima kwa 100,000 kwa usiku, ikanunua chakula sokoni kwa 45,000 kwa siku na kumlipa mpishi wa pale kijijini 15,000, jumla ni 640,000. Tofauti ni karibu laki tatu, na kwa mwalimu laki tatu ndizo zinazoamua kama safari ipo au haipo. Unaweza kubishana na bei yoyote kati ya hizo, ukaipandisha hii na kuishusha ile, lakini sura ya hesabu haitabadilika: familia ya Kitanzania ni kubwa, na kila kinachotozwa kwa kichwa huiumiza. Chumba kilibuniwa kwa msafiri mmoja au wawili. Ndiyo maana gesti na lodge za barabara kuu hujaa madereva, wafanyabiashara na wahudhuria semina, lakini ni nadra ukute humo bibi na wajukuu wake.

Jiko pia ndilo linaloamua fedha inakwenda wapi. Mgeni anayekula hotelini hulipa bili moja kwa mtu mmoja, na mwenye hoteli ndiye anayechagua anunue wapi. Mara nyingi ni rahisi kwake kujaza gari Mbeya mara moja kwa wiki. Mgeni mwenye jiko hulazimika kwenda sokoni, na hapa Kyela ina neema ambayo sehemu chache za nchi zinaweza kushindana nayo. Mchele wa Kyela, wenye harufu inayoufanya uigwe kwenye magunia hadi Dar es Salaam, unauzwa palepale unapokobolewa. Usipa na mbasa hutoka ziwani asubuhi. Ndizi za kupika ziko kila boma, mawese yanakamuliwa kijijini, kakao imeanikwa kwenye mikeka kando ya barabara. Upande wa mashariki wa Matema liko soko la Lyulilo, ambako wanawake wa Kikisi wa Ikombe huleta vyungu vyao kwa mitumbwi, vyungu vilevile utakavyovikuta vikiuzwa Tukuyu na Mbeya kwa bei iliyopanda njiani. Familia inayokaa siku nne na kupika itanunua kwa mvuvi, kwa muuza ndizi, kwa mwenye kuni au mkaa, kwa mama wa vyungu, na itamlipa kijana atakayewapeleka Ikombe kwa mtumbwi. Hakuna mpango wa serikali unaoweza kuigawa 180,000 hiyo ya sokoni kwa mikono kumi namna hiyo bila kuunda kamati, posho na ripoti.

Kwamba watu watapanga nyumba na kujipikia si ndoto. Kwenye barabara kuu kati ya Iringa na Mafinga, shamba la Kisolanza limekuwa likipangisha nyumba ndogo na uwanja wa mahema kwa wasafiri kwa miaka mingi, huku likiwauzia mboga na nyama za shambani, na msafiri anayepika mwenyewe ni mteja wao wa kawaida. Matema nayo haianzi sifuri. Wamisionari wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891, mwaka uleule Wamoraviani walipofungua kituo chao Rungwe, na urithi wao wa Kilutheri unaonekana ufukweni mpaka leo: Kanisa, chini ya Dayosisi ya Konde, lina hospitali na nyumba za wageni ambazo zimepokea makundi ya kwaya, wanafunzi na wajumbe wa mikutano. Nyumba hizo zimefanya kazi kubwa, maana ndizo zilizowazoesha watu wa Mbeya na Tukuyu kwamba Matema ni mahali pa kupumzikia. Lakini zimejengwa kwa ajili ya kundi, zikiwa na bweni na bwalo. Bado hapana kitu cha katikati, kati ya bweni la kwaya na lodge ya mgeni wa dola.

Nchi iliyoijaza nafasi hiyo ya katikati kwa makusudi ni Ufaransa. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia vijiji vyake vya milimani vilikuwa vikihamwa, nyumba za mawe zikibomoka, huku wafanyakazi wa mijini, waliopata likizo yenye malipo kwa sheria ya 1936, hawana fedha za hoteli. Mwaka 1951 nyumba ya kwanza ya kijijini ilifunguliwa kwa wapangaji wa likizo huko kusini mashariki, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la kitaifa la Gîtes de France. Serikali ilimsaidia mkulima kukarabati nyumba yake, naye akaahidi kuipangisha kwa familia za kipato cha kawaida kwa idadi ya miaka iliyokubaliwa. Hapo kuna mambo mawili ya kuiga. Msaada ulikwenda kwa mwenye nyumba aliyeko kijijini, na mteja aliyelengwa alikuwa raia mwenzake wa mjini. Wageni wa mataifa mengine walikuja baadaye, wakakuta kitu kilichokwisha kusimama kwa miguu yake. Sisi tumekuwa tukianza na mgeni wa mbali, halafu tukitumaini kwamba mwenyeji atafuata nyuma kwa bei ya punguzo.

Watu watasema Mtanzania haendi likizo ufukweni. Akipata siku zake huenda kwao. Ni hoja nzito, na ina mizizi hata katika taratibu zetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka, na mtumishi wa umma kila baada ya miaka miwili hulipiwa nauli ya kwenda kwao. Likizo kwetu imefungamana na nyumbani: kuona wazazi, kukagua shamba, kuhudhuria msiba uliopita bila wewe. Sioni sababu ya kupingana na desturi hiyo, nami singependa ife. Lakini tutazame inavyokwenda hasa. Siku 28 haziishi zote kwa wazazi. Nyingi humalizikia kwenye veranda ya mjini, watoto wakiwa mbele ya televisheni. Halafu kuna kizazi kilichozaliwa Mbeya mjini au Iringa mjini, ambacho "kwao" ni Forest au Gangilonga, na babu wamehamia mjini wakaishi na watoto wao. Kwa familia kama hiyo, swali la kwenda wapi Juni liko wazi. Na hata kwa Mnyakyusa anayeteremka Kyela kuwaona wazee, nyumba ya kupanga ina faida ambayo wanawake wataielewa mara moja. Watu saba wanapofikia kwa mjomba, kazi ya kuwapikia, kuwachotea maji na kuwatandikia humwangukia mke wa mjomba, ambaye mwezi huohuo ana mpunga shambani. Wakipanga nyumba ya jirani, watakula naye Jumapili kama wageni wa kweli, na siku nyingine watajihudumia.

Hapo mwingine atauliza kama hatuuzi ukarimu. Ukarimu wa Wanyakyusa unajulikana, na kutoza fedha kwa kulaza mtu kunaweza kuonekana aibu kijijini. Nadhani hofu hii inachanganya mambo. Ndugu na jamaa wataendelea kulazwa bure. Anayetozwa ni mgeni asiye na jamaa pale, ambaye leo hana pa kufikia. Sina wasiwasi sana na hilo. Wasiwasi wangu uko kwenye sifa mbaya ya nyumba zisizosajiliwa, hizi ambazo magazeti huziita gesti bubu, ambako hakuna kitabu cha wageni na hakuna anayejua nani amelala na nani. Mzazi hatapeleka watoto mahali panaponukia jambo hilo, na mwanakijiji mwenye heshima zake hataki jina lake litajwe hivyo. Kinga yake ni kufanya mambo kwa uwazi. Nyumba isajiliwe kwa mtendaji wa kijiji na halmashauri ya wilaya, iwe na kitabu cha wageni, ipangishwe kwa familia au kundi lenye kiongozi anayejulikana, kwa usiku usiopungua tatu. Sharti hilo la mwisho ni dogo lakini lina nguvu: linamwondoa mteja wa saa mbili bila polisi kuhitaji kugonga mlango.

Kuhusu afya lazima tuseme ukweli wote, kwa sababu picha za ufukwe hazisemi. Bonde la Kyela lina joto na maji mengi, na malaria ipo. Kwa mgeni wa nyanda za juu hatari ni kubwa kuliko kwa mwenyeji, kwani mtoto aliyekulia Njombe, mojawapo ya mikoa yenye malaria kidogo zaidi nchini, hana kinga yoyote mwilini. Neti zisizotoboka juu ya kila kitanda na nyavu madirishani ni sharti la kwanza la kukodisha, kabla ya rangi ya ukuta, na mpangaji aambiwe kwamba mtoto akipata homa ndani ya wiki chache baada ya kurudi nyumbani apimwe malaria, maana daktari wa Makete hataifikiria haraka. Kichocho kimerekodiwa katika Ziwa Nyasa. Watu waelekezwe kuogelea kwenye mchanga ulio wazi, mbali na majani na maji yaliyotuama. Kwenye midomo ya mito hakuogelewi kabisa kwa sababu ya mamba. Na miezi hiyohiyo ya kiangazi ninayoisifia ina upepo wa kusini unaokuja na urefu wote wa ziwa nyuma yake. Siku nyingine mawimbi humrudisha mvuvi, sembuse mtoto wa Mafinga ambaye hajawahi kuogelea. Yote haya yanaweza kuandikwa kwenye karatasi moja na kubandikwa mlangoni. Mwenye nyumba anayeyaficha kwa kuogopa kumpoteza mteja atampoteza kwa njia mbaya zaidi.

Swali linalonisumbua kuliko yote ni la ardhi. Miji ya ufukweni yenye sura yake ya asili ina historia ya kupendwa mpaka wenyewe wakahamishwa kwa bei. Lamu ni mfano wa karibu. Tangu miaka ya 1970 Wazungu walianza kununua nyumba za mawe za Shela na za mji wenyewe. Zilikarabatiwa kwa ustadi, zikapambwa, zikapangishwa kwa fedha nyingi, na mwaka 2001 UNESCO ikauingiza mji katika urithi wa dunia. Familia nyingi zilizouza zilijikuta pembezoni, wengine wakirudi kwenye nyumba zilizokuwa za babu zao kama wapishi na walinzi. Kisha yakaja matukio ya utekaji ya 2011 na shambulio la Mpeketoni la Juni 2014, wageni wakashauriwa na serikali zao wasiende, na hata kazi hizo zikapungua. Uingereza nako, mji wa wavuvi wa St Ives ulipiga kura mwaka 2016, na zaidi ya asilimia 80 wakataka nyumba mpya ziwe za wakazi wa kudumu tu. Uamuzi ulikuwa wa kishujaa ila ulichelewa: nyumba za zamani hazikuguswa, nazo ndizo zilizokuwa zikiwindwa. Barcelona imetangaza kufuta leseni zaidi ya 10,000 za nyumba za watalii ifikapo Novemba 2028. Wote hawa wanapambana na jambo ambalo Matema bado haijaliruhusu lianze.

Na Matema ina silaha ambayo St Ives haikuwa nayo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, hakimiliki ya kimila haiwezi kuhamishwa bila idhini yake, na asiye raia haruhusiwi kumiliki ardhi isipokuwa kwa njia ya uwekezaji. Sheria za serikali za mitaa zinakipa kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kwa hiyo mkutano mkuu wa kijiji unaweza kuamua mapema kwamba nyumba ya kupangisha kwa wageni itasajiliwa kwa mkazi tu, kwamba kila kaya itakuwa na moja, na kwamba kiwanja cha mbele ya ziwa hakiuzwi kwa mtu wa nje. Najua pingamizi litakalofuata: viongozi wa vijiji hushawishika, na mihuri ya kijiji imekwisha kuuza ardhi nyingi mahali pengi. Ni kweli, na mnunuzi wa kuogopwa zaidi huenda asiwe mgeni wa nje bali mwenye fedha kutoka Mbeya au Dar es Salaam, ambaye ni raia na sheria haimzuii mlangoni. Hiyo ndiyo sababu ya kutaka uamuzi ufanywe na mkutano wa wote, uandikwe, na daftari la nyumba lisomwe hadharani kila mkutano. Ni vigumu kuuza kimyakimya kitu kinachosomwa kwa sauti mara nne kwa mwaka.

Suala la umbali kutoka majini halihitaji mjadala mrefu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wengi huiona kama kikwazo cha biashara, kwa kuwa mteja anataka dirisha linalotazama maji. Ziwa Nyasa lenyewe linaitetea sheria hiyo. Kati ya 1915 na 1935 lilikuwa limeshuka hadi Mto Shire, unaolitoa maji huko kusini, ukaacha kutiririka kutoka ziwani. Kufikia mwaka 1980 lilikuwa limepanda kwa mita kadhaa. Ufukwe unaopimwa leo hautakuwa palepale mjukuu wako atakapourithi. Nyumba ya likizo iwe nyuma, penye miembe na kivuli, na mchanga ubaki wa wavuvi, wa mitumbwi na wa kila mtu anayepita. Mpangaji atatembea dakika mbili.

Mtaji utoke wapi? Hapa ndipo mwaka 2024 unapoingia. Kyela ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya kakao ya nchi hii, na mwaka huo bei ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani baada ya mavuno ya Ghana na Ivory Coast kuharibika. Kakao ya Kyela huuzwa kwa minada kupitia vyama vya ushirika, kwa hiyo sehemu ya kupanda huko iliwafikia wakulima wenyewe, wakaanza kuinua kuta na kuezeka mabati. Bei imekwisha kushuka tena, kama bei za mazao zinavyofanya. Aliyejenga nyumba ya vyumba vitatu kwa kakao ya msimu ule anaweza kuifanya imlipe katika miaka ambayo kakao hailipi, na gharama ya kuifikisha hapo ni tenki la maji, choo cha kuvuta, nyavu, magodoro na jiko la gesi. Hiyo ni kazi ambayo chama cha akiba na mikopo kinaiweza. Kinachomshinda mkulima ni makaratasi. Sheria ya Utalii ya 2008 na taratibu za leseni ziliandikwa zikimfikiria mwenye hoteli. Juu yake kuna leseni ya biashara, ushuru wa halmashauri kwa nyumba za kulala wageni, masharti ya zimamoto na afya, na kodi ya mapato. Kila moja ina maana yake, lakini zikiwekwa zote juu ya nyumba moja inayopangishwa usiku 60 kwa mwaka, mwenye nyumba atachagua kuwa gesti bubu. Wizara ingeweza kuweka daraja moja la nyumba ya familia, lenye ada moja ndogo inayolipwa halmashauri na ukaguzi mmoja unaohusu maji, choo, nyavu na njia ya kutokea moto.

Idadi hiyo ya usiku 60 ni makisio yangu ya uwezekano, nami nadhani ni ya kiasi. Likizo za Juni na Julai, Krismasi, na mwisho wa wiki chache za Agosti na Septemba zinaweza kuifikisha nyumba huko, ila Desemba itakuwa ya mashaka kwa sababu mvua zinakuwa zimeanza, na Aprili haifai kabisa: mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa hupata mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka, mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hufurika, na hakuna tangazo litakalomleta mtu. Atakayejenga kwa kutarajia wageni wa miezi kumi na miwili atafilisika. Hii nayo ni sababu ya kumtaka mwenye nyumba awe mkazi. Mwekezaji wa nje akikosa wageni kuanzia Februari hadi Mei hulipa mlinzi na riba, kisha huuza. Mwanakijiji akiwakosa, huhamishia humo kijana wake aliyeoa, hupangisha vyumba viwili kwa muuguzi wa hospitali, au huweka magunia ya mpunga mahali pakavu mpaka Juni.